Uliza injini kwanza: namna ya kusoma habari za silaha za Uturuki

Mwanzoni mwa Oktoba 2020, vita vya Nagorno-Karabakh kati ya Azerbaijan na Armenia vikiwa vimepamba moto, nilitafsiri habari ya Bayraktar TB2, droni ya kivita ya Uturuki, na nikaandika kwamba ni "kazi ya Waturuki kwa asilimia 100". Taarifa ya jioni haijaisha, simu ikaita. Alikuwa mzee mmoja, fundi mstaafu wa ndege ndogo. Hata salamu hazijapoa akaniuliza, "Mwanangu, injini yake ya wapi?"

Sikujua. Yeye alijua. Ni Rotax 912, akasema, injini ya pistoni ya silinda nne yenye nguvu za farasi kama 100, inaundwa Austria na imejaa kwenye ndege za watu wanaoruka kwa starehe zao. Kabla mwezi haujaisha kampuni yenye Rotax ikasimamisha mauzo kwa nchi zilizotia shaka, na Kanada ikasitisha vibali vya kamera za Wescam zilizokuwa zikifungwa tumboni mwa droni hiyohiyo. Nilipata aibu, lakini nikapata na utaratibu. Ndio huu ninaowapa vijana wanaokuja kukaa meza yetu ya habari za nje.

Ukipata habari inayosema silaha ni "ya nyumbani", asilimia iruke kwanza. Asilimia hupimwa kwa bei, kwa uzito au kwa idadi ya vipuri, na anayepima ndiye anayechagua kipimo. Wewe tafuta kile kipande ambacho mtu wa nje akikizuia, kitu kizima kinalala karakana. Mara nyingi ni injini. Ikishindikana kuwa injini, ni giaboksi au jicho la kuonea.

Chukua picha ya TB2 iliyopigwa kwa ubavu. Propela iko nyuma, inaisukuma ndege badala ya kuivuta, na mkia wake umekaa kama herufi V iliyopinduliwa. Sasa shuka chini ya bodi utafute tufe dogo linalozunguka. Humo ndimo mna kamera ya mchana, ya joto, na mwanga wa leza wa kuelekezea kombora. Bila tufe hilo unabaki na ndege nzuri ya mabawa ya mita 12 isiyoona kitu. Kwa hiyo Kanada ilipofuta vibali kabisa Aprili 2021, swali halikuwa kama Waturuki wanaweza kuunda mabawa. Lilikuwa kama Aselsan, kampuni ya Kituruki ya vifaa vya elektroniki vya jeshi, ina tufe lake. Ilikuwa nalo, linaitwa CATS, na likaanza kufungwa. Hapo ndipo neno "ya nyumbani" lilipopata uzito, miezi kadhaa baada ya mimi kulitumia bure.

Hatua inayofuata ni kuuliza kibali cha mauzo, na hapa watu wengi hujikwaa. Silaha inaweza kuruka vizuri kwao na bado ikashindwa kuuzwa. Mwaka 2018 Pakistani iliagiza helikopta 30 za mashambulizi za T129 ATAK. Helikopta ni ya Uturuki, iliyotokana na A129 ya Italia, lakini injini zake zina mkono wa Honeywell ya Marekani. Washington haikutoa kibali, biashara ikafa. Basi ukisoma kwamba nchi fulani "imenunua", usiandike "imepokea" mpaka uone chombo kimekabidhiwa. Maneno hayo mawili yametenganishwa na miaka, wakati mwingine na kaburi.

Kuhusu mfano wa majaribio na uzalishaji sitakaa sana. Ndege ya kivita ya KAAN iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Februari 2024 ikiwa na injini mbili za F110 za General Electric ya Marekani, jamii ileile inayosukuma baadhi ya ndege za kivita za F-16. Kuruka huko ni jambo kubwa, lakini ni jaribio. Andika "imeruka kwa majaribio", uendelee na kazi.

Usisahau kuuliza kilichowasukuma, maana habari isiyo na sababu husomeka kama tangazo la biashara. Baada ya Uturuki kuingia Kupro mwaka 1974, Marekani iliinyima silaha kuanzia Februari 1975. Katika vita hiyohiyo ndege za Uturuki zilizamisha manowari yao wenyewe, Kocatepe, zikidhani ni ya Wagiriki. Aselsan ilianzishwa mwaka 1975, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa redio za jeshi. Ukiliweka hilo mbele ya msomaji, ataelewa kwa nini Ankara inachukulia injini ya kigeni kama deni la mtu asiyeaminika.

Kifaru Altay ndicho ninachotumia kuwapima vijana, kwa kuwa kinakusanya maswali yote. Nawapa sentensi "kifaru cha Kituruki kimeingia jeshini" nawaambia wairekebishe. Hodari wao hugundua kwamba kiliundwa kwa msaada wa Hyundai Rotem ya Korea Kusini, ile inayounda kifaru K2 cha Wakorea. Kwamba mifano ya awali ilitumia injini ya MTU na giaboksi ya Renk, zote za Ujerumani. Kwamba Wajerumani walipokataa kuendelea, mradi ulikwama miaka mingi hadi zikapatikana injini na giaboksi za Kikorea. Mmoja aliwahi kunizidi. Aligundua kwamba Wakorea wenyewe, giaboksi yao ya kampuni ya SNT ilipofeli majaribio ya uimara, waliifungia K2 yao ile ya Renk. Waturuki wakaichukua hiyo ya SNT iliyokataliwa Korea. Nilimnunulia chai.

Wengine huishia kwenye kejeli, "kumbe si cha Uturuki". Hapo nawarudisha tena mezani. Mabamba yake ya kinga, mifumo ya kulengea na uunganishaji ni kazi ya kwao, na injini yao wenyewe ya Batu, yenye nguvu za farasi 1,500, imepangiwa vifaru vya awamu ya baadaye. Vya kwanza vilikabidhiwa Oktoba 2025, na sentensi tuliyoisoma hewani ilikuwa hii: "Jeshi la Uturuki limepokea vifaru vya kwanza vya Altay, vilivyoundwa Ankara na vinavyotumia injini ya Korea Kusini." Nilikaa karibu na simu jioni ile. Haikuita.