SOMO: Antena ya waya ya FM, ukate urefu gani?

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza "nikate mita ngapi?" na masafa hataji. Naandika mara moja hapa.

1. Jua masafa ya kituo unachokitaka. Yanasomeka kwenye redio.

2. Gawa 143 kwa masafa hayo (MHz). Kituo cha 100 MHz: mita 1.43.

3. Gawa kwa mbili, maana antena ina mikono miwili ya waya, mmoja kila upande. Kila mkono sentimita 71 na nusu.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Ile 1.43 ni ncha hadi ncha. Mtu anakata 1.43 kila upande, kisha analaumu redio. Pili, pima kuanzia pale koaksi (kebo ya kwenda redioni, yenye waya wa kati na wavu wa nje) inapogawanyika: kile kipande ulichomenya nacho ni antena. Ukimenya sentimita 3, mkono umerefuka kwa 3. Tatu, USIKATE kwa kipimo kamili. Acha ziada kidogo, ncha uikunje irudi na kulalia waya, sikiliza, rekebisha, ndipo ukate.

4. Mkono mmoja kwenye waya wa kati wa koaksi, mwingine kwenye wavu wa nje. Visigusane.

5. Funga kwenye fito au bomba la plastiki, juu, mbali na bati. Ubavu uelekee mnara. Upande wa ncha hausikii vizuri.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Mkuu, nipe urefu wa stesheni zote.
— Hatua ya 2.
Mdau wa Sakina: Sina kikokotoo.
— Umeandika hapa kwa simu. Kimo humo humo.
Mama Himo: Jamani, msaidieni. Kaka, tumia 98, katikati ya bendi. Mita 1.46 nzima, yatosha 88 hadi 108 kwa kusikiliza.
— Asante dada, una subira kuliko mimi.

Mdau wa Njiro: Nusu ya wimbi si 150 gawa kwa MHz? Hiyo 143 imetoka wapi?
— Swali zuri! 150 ni nusu ya wimbi likiwa hewani. Kwenye waya, chaji hurundikana nchani, hivyo umeme huuona waya kama mrefu kuliko ulivyo. Unapunguza kama asilimia 5. Waya mnene hupunguzwa zaidi kidogo.

Mdau wa Marangu: Nikiongeza waya mara mbili nitashika vituo vya Arusha?
— Hapana, utaharibu ulinganifu na koaksi. FM husafiri karibu kama mwanga; kilima kikikaa katikati, pandisha antena juu, siyo kuirefusha. Jaribu pia kuisimamisha wima.

Mdau wa Njiro: Na 7.1 MHz, masafa mafupi?
— Hesabu ile ile: karibu mita 20.1. Pima kwanza uwanja wako. Kusikiliza ni ruksa, kurusha mpaka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Mama Himo: Masika je, radi?
— Wingu likianza kufunga, chomoa koaksi kwenye redio, uitoe nje kabisa. Usingoje ngurumo.