Kabla hujabadilisha jina la seva yenye RabbitMQ, pita hapa kwanza

Haya, wale mnaopenda kubadilisha majina ya seva njooni tukae kitako. Kama mashine yako ya Linux inaendesha RabbitMQ (broka, yaani programu inayopokea meseji za programu nyengine na kuzipanga foleni mpaka zichukuliwe), hiyo hostnamectl, amri ya kubadilisha jina la mashine, usiiguse mpaka umalize haya.

Kwanza bakapu. Hilo sielezi, mtu mzima wewe. Ila ujue `rabbitmqctl export_definitions` inatoa akaunti, ruhusa na orodha ya foleni, meseji zilizomo ndani haitoi, kwa hiyo ziache foleni zikauke kwanza.

Halafu broka izime KABLA ya kubadilisha jina. Ukibadilisha huku inakwenda, rabbitmqctl, amri ya kuiongoza broka, inaitafuta kwa jina jipya na yenyewe bado inaitikia la zamani, utaita mpaka koo likauke. Ikishakukuta hivo ongeza kwenye amri `-n rabbit@` na jina la zamani la mashine.

Jina jipya liandike kwenye /etc/hosts, faili la kuunganisha majina na anwani, kwa Debian ni ule mstari wa 127.0.1.1. Erlang, lugha iliyoandikiwa RabbitMQ, isipolitambua jina utaona nxdomain (jina halijulikani) kwenye logi na broka haiamki.

Sasa hili lililonitoa jasho. Ofisini kwetu hapa Mjini tulikuwa na seva inaitwa debian, jina lile lile la siku ya kuinstoli, hakuna aliyejishughulisha. Ikaja amri seva zote ziitwe majina ya visiwa, hii Chumbe, ile Misali, yangu ikaangukia Tumbatu. Ilikuwa Ramadhani, saa kumi na moja jioni, mie akili yote ishafika kwenye futari, nkapiga `hostnamectl set-hostname tumbatu`, haikulalamika, nkafunga laptopu nkaenda zangu. Siku tatu kimya, kila kitu kinakwenda. Usiku wa nne umeme ukakatika, ruta ikafa mwanzo, meseji zikarundikana kwenye broka, baadae UPS nayo ikachoka na seva ikazimika. Asubuhi simu haziishi, wageni wa hoteli hawapati meseji za buking. Nkaona nxdomain, nkarekebisha hosts, broka ikaamka, nkasema alhamdulillah. Kumbe bado. Foleni hakuna hata moja, akaunti ya programu yetu inakataliwa, iliyobaki ni guest peke yake, akaunti inayokuja na RabbitMQ, na guest haingii ila kutoka kwenye mashine ile ile. Mwenzangu kasimama mgongoni, "Bwana we futa tu tuinstoli upya, watu wanapiga simu." Wallahi nlikuwa nshaandika apt purge, ile ya kufuta programu na vitu vyake, bado kubonyeza enta tu, nkasema hebu nichungulie /var/lib/rabbitmq/mnesia, inakokaa data ya broka. Folda mbili! rabbit@debian na rabbit@tumbatu, moja ina uzito wake, nyengine nyepesi kama boflo la jana.

Ndo ilivyo, RabbitMQ inajiita rabbit@ halafu jina la mashine, na folda ya data inapewa jina hilo hilo. Mashine ikibadilika jina, broka inajiona imezaliwa leo, inafungua folda yake mpya haina kitu, na ile ya zamani haiifuti, ipo pale pale inakutizama. Nkajaribu kuibadilisha folda jina, haikukubali, maana jina la zamani limeandikwa mpaka ndani ya data zenyewe. Kilichoniokoa ni mstari mmoja kwenye /etc/rabbitmq/rabbitmq-env.conf, `NODENAME=rabbit@debian`, na kule hosts nkalirudisha debian lielekee 127.0.0.1. Yaani mashine inaitwa Tumbatu na broka inatumia jina lake la zamani, kama sie tu, skuli unaitwa hivi na mtaani vyengine. Nkaiwasha, foleni zote hizo hapo, na zile meseji zilizokuwa zimehifadhiwa diski zikatoka kwa mkupuo, mgeni mmoja kapata "karibu, chumba chako kiko tayari" yuko bandarini anasubiri boti ya kuondokea.

Kwa hiyo kama una mashine moja tu, NODENAME iweke toka siku ya kwanza, rabbit@localhost inatosha, baadae iite seva hata Changuu haitojali. Kama una klasta, yaani broka kadhaa (nodi) zinazofanya kazi kama moja, hadithi ni nyengine, nodi itoe kwanza kwenye klasta ndo uibadilishe jina na uiunge upya, na .erlang.cookie, faili la siri la nodi kutambuana, iwe moja kote. Seva ya kukodi angalia cloud-init, programu inayoipanga seva inapowaka, bila ya `preserve_hostname: true` inaweza kukurudishia jina la zamani ukirestati.

Na restati mwenyewe siku ile ile, ukiwa umekaa mbele yake, usiusubiri umeme ukurestatie. Kisha piga `grep -r` ya jina la zamani kwenye /etc yote, litakutokea kwenye Postfix (programu ya barua pepe), cheti cha SSL kikague mbali maana grep haisomi ndani yake, na kwenye skripti ya bakapu iliyoandikwa na mtu aliyeshahama kazi zamani, na hiyo skripti usiifute kabla hujajua inafanya nini.