Namna ya Kubadili Taswira ya Mwanamuziki wa Pop Bila Kuwapoteza Mashabiki

Kabla hujagusa nywele, mavazi wala jalada la albamu, sikiliza nyimbo zako zote kwa mpangilio wa miaka zilivyotoka, kisha uandike jambo moja ambalo mashabiki wangekutambua kwalo hata kama jina lako lisingetajwa. Linaweza kuwa mkwaruzo wa sauti au namna unavyotunga mashairi. Hilo usiliguse, mengine yote yanaweza kubadilika.

Badiliko lianze kwenye muziki, tena kwa hatua. Taylor Swift alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2006 akiwa mwimbaji wa muziki wa kantri, yaani muziki wenye asili ya mashambani Marekani. Mwaka 2012 alitoa Red, ambamo nyimbo za kantri na za pop zilikaa pamoja, na mwaka 2014 ndipo ilipokuja 1989, albamu ya pop tupu. Msikilizaji alikuwa amekwisha kupewa miaka miwili ya kuzoea. Kisichobadilika ni jicho lake kwa vitu vidogo: katika wimbo mmoja wa Red kuna skafu iliyosahauliwa nyumbani kwa dada wa mpenzi, na skafu hiyo ndiyo inayobeba uchungu wote wa wimbo. Mtunzi wa aina hiyo hutambulika hata gitaa likiondolewa na kinanda cha umeme kikashika nafasi yake.

Umma ukikubandika jina baya, usikimbilie kujitetea. Mwaka 2016 watu walijaza alama za nyoka, kwa maana ya mtu mnafiki, katika kurasa za Swift za mitandao ya kijamii. Agosti 2017 alifuta machapisho yake yote, akanyamaza, kisha akarejea na video fupi za nyoka kuitangaza albamu ya Reputation, na nyoka huyohuyo akawa nembo ya ziara iliyofuata. Kwa maoni yangu ule ukimya ulifanya kazi kubwa kuliko video zenyewe, kwa kuwa ulimtenga msanii wa jana na wa leo bila hotuba yoyote.

Njia ya kuvunja taswira ya zamani ghafla ipo, ila gharama yake ni kubwa. Miley Cyrus, aliyejulikana kwa watoto kupitia tamthilia ya Hannah Montana kuanzia 2006 hadi 2011, alipanda jukwaa la tuzo za video za MTV Agosti 2013 kwa namna iliyofanya watu wazungumzie densi na mavazi kwa miezi mingi, huku uimbaji wake ukisahauliwa. Sauti ndiyo iliyomrudisha: wimbo wake Flowers wa 2023 ulimpatia tuzo ya muziki ya Grammy ya Rekodi ya Mwaka mwaka 2024.

Jihadhari pia na mhusika wa kubuni asiyeelezwa. Mwaka 1999 Garth Brooks, nyota wa kantri, alivaa wigi, akajiita Chris Gaines na kutoa albamu iliyokusudiwa kutangulia filamu ambayo haikutengenezwa kamwe. Wengi walibaki wakijiuliza huyu ni nani, maana kisa ambacho kingemweleza hakikuwafikia.

Ukifika jukwaani na sura mpya, usiufute wimbo uliokutambulisha. Upange upya kwa ala unazotumia sasa, uuimbe mapema katika onyesho, na maneno yake uyaache kama yalivyokuwa ili ukumbi upate kuimba nawe.