Foklifti ya umeme imegoma? Usikimbilie kontrola

Kuna godauni moja la alizeti huku Kizota niliitwa, foklifti haiendi mbele wala nyuma. Taa zinawaka, mikono inapanda na kushuka vizuri, ila magurudumu hayataki. Nikajitia ufundi, nikashinda kutwa nimeinamia kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota. Dereva, mzee wa Kigogo, alinitazama mpaka jua linazama ndipo akasema, "Mwanangu, mimi nikiinuka kidogo nikakaa tena, huwa inakubali." Swichi ya kiti, ile inayoruhusu mashine kwenda pale tu dereva anapokuwa amekaa! Ilikuwa imezibwa na vumbi la mashudu.

Tangu siku hiyo namhoji dereva kabla sijafungua begi. Iligoma ghafla au ilianza kuchoka? Ikiwa na mzigo au tupu? Asubuhi ikitoka kwenye chaja, au jioni?

Kisha usalama. Shusha mikono, zima, chomoa plagi kubwa ya betri, vua pete na saa. Ndani ya kontrola kuna kapasita zinazobaki na umeme hata betri ikishachomolewa; subiri dakika kadhaa, halafu hakikisha kwa multimita. Ukitaka kujaribu mwendo, inua kwanza magurudumu yanayoendeshwa na mota, uweke magogo imara chini ya bodi.

Sasa betri, maana hapa ndipo penye kesi nyingi. Ya risasi na tindikali yenye volti 48 ina seli 24. Ikiwa imejaa na kupumzika, kila seli husoma kama volti 2.1, jumla 50 na kidogo. Usiridhike na namba hiyo, maana betri mbovu iliyopumzika nayo huisoma bila aibu. Rudisha plagi, mwambie dereva ainue mzigo wakati wewe unapima seli moja moja. Wenzake wakisimama kwenye 1.95 na mmoja akaporomoka hadi 1.6, mgonjwa ndiye huyo. Haidromita, kipimo cha uzito wa tindikali ya betri, itakuthibitishia: seli iliyojaa husoma karibu 1.28, iliyokwisha hushuka kuelekea 1.15.

Maji ya kuongeza ni yale yaliyosafishwa kwa ajili ya betri, na huongezwa baada ya kuchaji, si kabla, la sivyo yatafurika. Ya bomba hapana. Maji ya Dodoma yana chumvi, tazama tu ndani ya birika lako la chai. Na asikudanganye mtu uongeze tindikali.

Juu ya betri nako usipaache. Vumbi letu likichanganyika na unyevu wa tindikali linakuwa njia ya umeme kuvujia kwenye bodi. Weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, halafu rudia kwa hasi. Ukiona volti nyingi, funga vizuri vifuniko vya seli, osha kwa maji yenye magadi ya kuokea, suuza, kausha, pima tena.

Betri ikiwa nzima, washa swichi usikilize kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa na koili ili kupitisha umeme wa betri. Lazima igonge: ta! Isipogonga, pima kwenye koili yake. Umeme ukiwepo na haivuti, koili imekufa. Usipokuwepo, rudi nyuma hatua kwa hatua: fyuzi ndogo, swichi ya ufunguo, breki ya mkono, kiti. Ikigonga lakini foklifti haina nguvu, pima kati ya ncha zake mbili wakati inafanya kazi. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ukikuta volti moja nzima imepotelea hapo, ncha zimeungua. Badilisha zote kwa pamoja. Kupiga msasa ni kuahirisha tu, tena unaharibu uso wake.

Jambo jingine linalowapotezea vijana muda: mashine nyingi hukataa kwa makusudi ukikanyaga pedeli kabla ya kukaa na kuwasha. Si ubovu, ni ulinzi. Zima, toa mguu, kaa, washa, achia breki ya mkono, chagua mwelekeo, ndipo ukanyage.

Kama kuna taa inayopepesa, hesabu inapepesa mara ngapi, ulinganishe na kitabu cha mashine hiyohiyo, si cha jirani. Kila kampuni ina hesabu zake. Yote haya yakishindikana, sasa chukua bisibisi ufungue kontrola.