Namna ya Kuendesha Klabu ya Maigizo Inayowafunza Vijana Kuzungumza

Mwaka 1996, wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa TUSEME katika shule za sekondari. Wasichana walibainisha wenyewe matatizo yaliyokwamisha masomo yao, wakayatungia maigizo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha wakayajadili hadharani. Utaratibu huo, ambao baadaye FAWE, shirika la wanawake wa Afrika linalotetea elimu ya wasichana, lilieneza katika nchi nyingine za Afrika, ndio ninaompendekezea mwalimu mlezi wa klabu. Mwanafunzi anayekariri maneno aliyoandikiwa hujifunza kutamka vizuri, lakini yule anayetunga pamoja na wenzake hana budi kusikiliza, kutetea hoja na wakati mwingine kuliacha wazo lake.

Anza bila mswada. Wape wanafunzi tukio wanalolijua, kwa mfano mwanafunzi wa bweni anayemwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kwenda kumwona mama yake mgonjwa, na waigize papo kwa papo kwa dakika tatu hivi. Mara nyingi mwombaji ataanza na maelezo marefu, atainamisha kichwa, na sauti yake itafifia kabla hajafikia ombi lenyewe. Usimkatize. Wakimaliza, waulize watazamaji ni wakati gani hasa mwalimu alianza kukataa na ni neno gani lingeweza kumlainisha, kisha wabadilishane nafasi: aliyekuwa mwombaji awe mwalimu. Mabadilishano haya ndiyo kiini cha zoezi, kwani kijana aliyeketi kwenye kiti cha mwalimu na kuombwa ruhusa kwa manung'uniko huelewa haraka kwa nini alikuwa akikataliwa.

Hapa naomba tahadhari moja. Vitabu vingi vya kigeni husisitiza kumkazia macho unayezungumza naye, ilhali katika malezi ya wengi wetu kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu. Wafundishe vijana kutofautisha heshima na woga: mtu anaweza kuteremsha macho na bado akaeleza shida yake kwa sauti inayosikika hadi dawati la mwisho.

Katika kugawa nafasi, usimpe kila mara msemaji hodari nafasi ya mhusika mkuu. Mwenye haya anaweza kuanza kwa kupiga ngoma, kutunza maleba au kuwakumbusha wenzake maneno, mradi asiachwe huko muhula mzima. Katika igizo linalofuata apewe angalau majibizano mafupi na mtu anayemwamini.

Mashindano yana faida zake, na tamasha la maigizo la shule za Kenya, lililoanza mwaka 1959, limekuza vipaji vingi. Hata hivyo, hamu ya kushinda humshawishi mwalimu kuandika kila neno na kuchagua waigizaji walewale, na hapo wanaohitaji mazoezi zaidi hubaki watazamaji. Kwa hiyo igizo la mashindano liwe kazi ya pembeni ya klabu.

Maigizo yanayotokana na maisha ya wanafunzi hugusa mambo mazito. Badilisheni majina na mazingira ili mtu yeyote asitambulike, na ikidhihirika kwamba mwanafunzi anasimulia madhara yanayompata yeye mwenyewe, zungumza naye faraghani na ulifikishe suala kwa mwalimu wa malezi au afisa ustawi wa jamii, lisipelekwe jukwaani.

Baada ya onyesho, tenga muda wa majadiliano usiopungua muda wa igizo lenyewe. Mwenyekiti awe mwanafunzi, nawe ukae nyuma, hata pale mwalimu mwenzako atakapohisi kwamba amesemwa. Hatimaye klabu ichague wawakilishi wawili wa kuandika maazimio na kuyawasilisha kwa mkuu wa shule, na wakirudi na majibu, wayaeleze mbele ya wanafunzi wote, yakiwemo yale yaliyokataliwa na sababu zake.