Seli ziking'aa kijani, usishangilie kwanza

Siku ya kwanza seli zangu kung'aa kijani, dalili kwamba mafuta ya tando zake yanaoksidika, nilimpigia msimamizi wangu simu saa mbili usiku. Kesho yake nikaweka chini ya darubini seli ambazo hazikuguswa na dawa yoyote: nazo kijani tupu. Kumbe nilizichoma mwenyewe kwa taa nilipokuwa nahangaika kutafuta fokasi.

Rangi niliyotumia ni C11-BODIPY 581/591. Ina mkia wa kaboni 11 unaopenda mafuta, ndiyo maana hujipenyeza kwenye utando, ngozi ya mafuta inayoizunguka seli. Ikiwa nzima hutoa mwanga mwekundu, karibu nanomita 590. Radikali huru, yaani molekuli zisizotulia zenye elektroni isiyo na mwenza, zikishambulia bondi zake maradufu, mwanga huhamia kijani, karibu 510. Kinachooksidika hapo ni rangi yenyewe, wala si mafuta ya seli. Ni shahidi aliyekaa jirani na tukio, tena shahidi mwepesi wa kushtuka.

Kwa hiyo pima rangi zote mbili, kisha ugawe kijani kwa nyekundu. Kijani kikipanda na nyekundu nayo ikapanda, huenda seli zimemeza rangi nyingi tu. Usiandike pia kwamba umepima utando wa nje: rangi hii huingia hadi tando za ndani. Na DCFH-DA, rangi nyingine ya kupima uoksidishaji ambayo maabara nyingi zinayo, hapa iache. Vimeng'enya huikata ndani ya seli ikabaki kwenye sitoplazimu, haikuambii mafuta yana hali gani.

Mimi hufanya hivi. Nayeyusha rangi kwa kiyeyushi cha DMSO, naigawa kwenye vichupa vidogo, navifunga kwa foili ya jikoni na kuviweka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku ya kazi naiweka kwa mikromola 2, kwenye midia (kimiminika cha kulishia seli) isiyo na seramu kwa sababu protini za seramu huing'ang'ania, dakika 30 kwenye inkubeta ya nyuzi 37. Nasuuza mara mbili, napima papo hapo seli zikiwa hai.

Fokasi itafute kwa taa ya kawaida ya darubini, iliyofifishwa. Ukishaipata, sogea pembeni, mahali ambapo mwanga wa bluu unaoiwasha rangi haujapita, upige picha moja.

Usisahau seli zisizo na rangi, zenye rangi bila dawa, na zilizopewa kioksidishaji cha kumeni hidroperoksidi (cumene hydroperoxide) mikromola 100, ambazo lazima zigeuke kijani. Ukitumia RSL3, dawa inayochochea mafuta ya seli yaoksidike, weka na kundi lenye RSL3 pamoja na ferrostatin-1, inayozuia uoksidishaji huo. Hilo likigeuka kijani vilevile, una tatizo.

Kabla ya yote, chukua seli zenye rangi lakini zisizo na dawa, upige picha 5 mfululizo mahali pale pale. Uwiano ukipanda kutoka ya kwanza hadi ya tano, punguza taa na urudie mpaka utulie.