SOMO: Jinsi ya kumpima kwotabeki wa chuo kabla ya drafti ya NFL

Wadau, salaam. Kila ikifika Machi swali ni lile lile: "Huyu dogo ana mkono wa hatari, mbona hamumweki wa kwanza?" Nimeona niandike somo moja nimalize. Kwa wageni: drafti ni pale timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, zinapochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Hufanyika Aprili, timu 32, raundi 7, na timu iliyoboronga zaidi msimu uliopita ndiyo huchagua kwanza. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi. Ukimkosea huyo, umepoteza miaka kadhaa na pengine makocha wawili.

Nianze kwa kuungama. Mwaka 2018 walitoka makwotabeki watano raundi ya kwanza: Baker Mayfield nafasi ya 1, Sam Darnold ya 3, Josh Allen ya 7, Josh Rosen ya 10, Lamar Jackson ya 32. Daftari langu lilimweka Rosen juu ya wote, kwa kuwa alikuwa anarusha mpira vizuri hadi raha. Timu iliyomchukua, Arizona, walimwachia aende timu ya Miami baada ya msimu mmoja tu. Allen na Lamar wote wamekuwa MVP, yaani mchezaji bora wa msimu. Tangu hapo nikabadili namna ya kutazama.

HATUA YA 1: Achana na klipu. Kwenye klipu za dakika tano kila mtu ni mfalme. Tafuta mechi nzima nne: aliyofungwa vibaya, aliyokutana na ulinzi mgumu kuliko wote, moja ya ugenini kwenye kelele, na moja ya kawaida tu.

HATUA YA 2: Nenda moja kwa moja kwenye jaribio la tatu. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Likifika la tatu na bado zimebaki yadi 7 au 8, hata muuza karanga anajua pasi inakuja. Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipo, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Simamisha picha kabla mpira haujatoka. Hesabu mabeki wa nyuma kabisa. Tuseme wako wawili. Sasa achia. Mpira unapomfikia tu kwotabeki, beki mmoja anashuka mbele mbio na mwenzake anahamia katikati. Ulinzi umejigeuza mbele ya macho yake. Mwangalie kofia, usimwangalie mkono. Kofia ikibaki imeelekea upande ule ule tangu mwanzo, huyo alishaamua kabla ya kuona chochote. Ikigeuka kutoka kushoto kwenda kulia, amesoma. Kisha shuka kwenye miguu: wengi macho yanahama lakini miguu inabaki kule kule, na pasi inapaa juu ya kichwa cha mpokeaji. NFL haimpi muda mrefu, ni kama sekunde mbili na nusu tu.

Kwenye daftari naweka alama tatu kwa kila jaribio: macho, miguu, pasi. Matokeo siyaandiki. Pasi nzuri iliyodondoshwa na mpokeaji ni pasi nzuri, na ya hovyo iliyookolewa kwa bahati inabaki kuwa ya hovyo.

HATUA YA 3: Mkono upime mahali panapostahili. Pasi ya yadi 60 inapendeza lakini haikwambii mengi. Kila jaribio huanzia kwenye mistari midogo ya kati au baina yake, na uwanja wa chuo una mistari hiyo iliyoachana futi 40. NFL ni futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo chuoni mpira mara nyingi huanzia karibu na pembeni, na upande wa pili unabaki mpana kweli. Tafuta pasi iliyovuka upande huo mpana hadi mstari wa nje, yadi 15 hivi mbele. Ikielea, beki anaila. Ikifika imenyooka, mkono upo.

HATUA YA 4: Mtenganishe na waliomzunguka. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Joe Burrow mwaka 2019 pale chuo cha LSU alirusha pasi 60 za tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), pasi zilizofika asilimia 76.3. Waliokuwa wanadaka? Ja'Marr Chase na Justin Jefferson, wote raundi ya kwanza baadaye. Basi unajiuliza: ni yeye au ni wao? Tazama pasi ambazo mpokeaji kabanwa kabisa. Za Burrow zilikuwa zinatua mahali ambapo mtu wake peke yake angezifikia. Allen ni kinyume chake: chuoni Wyoming pasi zake zilifika asilimia 56 tu, watu wakamcheka. Mwaka 2020 akiwa Buffalo zilifika 69.2.

HATUA YA 5: Hesabu mechi alizoanza. Mitchell Trubisky alianza 13 chuoni, akachaguliwa wa 2 mwaka 2017, mbele ya Patrick Mahomes, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, aliyekwenda wa 10. Mechi 13 hazitoshi kumjua mtu.

HATUA YA 6: Vipimo vya Indianapolis, yaani vya mbio na mwili wanavyofanyiwa vijana wa chuo kabla ya drafti. Viangalie, visikulevye. Tom Brady, ambaye wengi humhesabu kwotabeki bora wa wakati wote, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28 na akachaguliwa wa 199 mwaka 2000.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, Lamar walimkosaje hadi nafasi ya 32?
Jibu: Walitazama miguu yake wakasahau kutazama pasi. Kuna waliosema hadharani ahamie nafasi ya mpokeaji! Ukirudia mechi zake za chuo cha Louisville utaona anasimama, anasoma, anarusha katikati ya mabeki. Miguu ilikuwa nyongeza.

Swali: Naomba kuuliza, sisi tulio Dar tutazioneaje mechi hizi? Usiku hatulali?
Jibu: Dada, si zote za usiku wa manane. Mechi ya chuo ya saa 6 mchana pwani ya mashariki ya Marekani kwetu ni saa 1 au saa 2 usiku, kutegemea miezi. Tatizo kubwa ni kamera ya televisheni, inafuata mpira na kuwaacha mabeki wa nyuma. Ngoja marudio, mara nyingi huonyeshwa kutoka juu.

Swali: Mtihani wa akili unasaidia?
Jibu: Kidogo sana. C.J. Stroud mwaka 2023 alivujishiwa alama ndogo za mtihani mmoja, watu wakamzika. Houston wakamchukua wa 2, akamaliza msimu akiwa mchezaji bora chipukizi wa ushambuliaji.

Swali: Kaka, Darnold ulimpa ngapi mwaka ule? Maana aliitwa wa hovyo miaka mingi.
Jibu: Nilimpa saba kwa kumi, na pale Jets, timu yake ya kwanza, nikaona aibu. Kisha 2024 akashinda mechi 14 na Minnesota: kocha mwingine, wapokeaji wengine, mkono ule ule. Sasa nina safu nyingine kwenye daftari, ya timu inayomchukua. Bado sijajua niipe uzito gani; mwenye njia yake aiweke hapa.